MAONI: Ukinialika bathdei ya mkahawa wa kifahari, nitajie bei kwanza

Vijana wengi wa Nairobi tunaujua ule ujumbe. Unaingia kwenye WhatsApp siku kumi au kumi na tano kabla ya tarehe yenyewe. Ni bango lililopambwa kwa rangi nyeusi na dhahabu, na picha ya mwenye siku yake akitabasamu. Tarehe imeandikwa. Saa imeandikwa. Jina la mkahawa limeandikwa, na mara nyingi ni huko Westlands, Kilimani, Lavington au Karen. Hata rangi ya nguo imeandikwa: wanawake nyeupe, wanaume nyeusi, na tafadhali usikuje na raba.

Kitu kimoja tu hakijaandikwa. Bei.

Kwa hivyo watu wanajibu kwa emoji za keki na moto, "niko ndani", "siwezi miss", halafu kila mmoja anaenda pembeni kufungua intaneti kutafuta menyu ya mahali penyewe na kuanza kuhesabu kimoyomoyo. Hakuna anayeuliza kwa grupu. Kuuliza ni kama kukiri kwamba umesota, na nani anataka kukiri hivyo mbele ya watu kumi na tano?

Msimamo wangu ni huu. Kula chakula cha jioni cha bathdei kwa mkahawa wa bei si dhambi, na kijana wa Kayole ana haki ya kukalia kiti cha velveti sawa na wa Runda. Lakini kumwita mtu kwenye meza ambayo hajui itamgharimu nini, huku ukitarajia alipe, huo si mwaliko. Ni mchango uliovalishwa suti. Na mchango wowote wa Kenya huwa na kiasi kinachojulikana.

Tumetoka mbali na bathdei

Kabla mtu hajasema kwamba napinga raha, wacha niseme ninaelewa tulivyofika hapa.

Babu na nyanya zetu wengi hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa ya kusherehekea. Walikuwa na msimu. Kwa Waluhya, aliyezaliwa wakati wa mvua akaitwa Wafula au Nafula, na aliyekuja wakati wa njaa akaitwa Wanjala au Nanjala. Kwa Wakalenjin, Kiprotich alizaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani. Hawakukatiwa keki, lakini kila walipoitwa majina yao, wakati wao wa kuzaliwa ulikuwa ukitajwa.

Sisi tukapata bathdei za ploti. Chapati, soda ya lita mbili ikigawanywa kwa vikombe vya plastiki, keki ya supamaketi, na watoto wa majirani ambao hawakualikwa wakijaa mlangoni wakingoja kipande. Tulipofika sekondari, zawadi ikawa kumwagiwa ndoo ya maji baridi ukitoka darasani. Kumwagia mtu maji ni desturi ambayo haijawahi kumtoza mgeni hata shilingi moja.

Halafu tukaanza kupata kazi, hasla, gigi za hapa na pale. Tukataka zaidi. Na ukweli ni kwamba mkahawa mzuri unajua kumfanya mtu ajisikie mtu. Taa zinapunguzwa, wahudumu wanatoka jikoni wakipiga makofi, keki ina mshumaa unaorusha cheche, na wanaimba "Jambo Bwana", ule wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982 ambao mahoteli ya Kenya hayajawahi kuuacha upumzike. Simu zote ziko juu. Kwa dakika mbili, mtu ambaye mwaka mzima amesimama nyuma ya kaunta ya M-Pesa akiambiwa "harakisha basi" ndiye anayetazamwa na kila mtu.

Nani atamnyima hiyo? Si mimi. Aliyetimiza 25 au 30 katika mji huu, na maisha yalivyo, anastahili kuketi chini na kuletewa kitambaa kilichokunjwa kama ua.

Ninachouliza ni swali dogo tu: nani analipia hilo ua, na aliambiwa lini?

Hebu tupige hesabu

Watu wengi husema, "Lakini sahani ni kama 1,800 tu." Sahani peke yake haijawahi kuwa bili. Tuchukue mfano wa meza ya watu 10. Nambari ni zangu, za mfano tu, lakini ukiwa umewahi kukalia meza kama hiyo utazitambua.

Kila mtu anaagiza chakula cha Sh1,800 kwa wastani na kinywaji kisicho na kileo cha Sh500. Hiyo ni Sh23,000 kwa meza nzima. Mtu mmoja aliyechangamka anasema, "Tuletewe sahani mbili za kuonja tukingoja," na kila moja ni Sh2,500. Tumefika Sh28,000. Mwingine anaagiza chupa mbili za mvinyo "za meza", Sh4,500 kila moja. Sasa ni Sh37,000. Mkahawa unaongeza ada ya huduma ya asilimia 10, yaani Sh3,700. Tuko Sh40,700. Keki mlikuja nayo kutoka nje, kwa hivyo kuna ada ya kuiingiza na kuikata, tuseme Sh1,000. Sh41,700. Na keki yenyewe, ambayo mmoja wenu aliilipia asubuhi, ilikuwa Sh4,500. Jumla, Sh46,200.

Sasa kuna ile sheria ambayo haijaandikwa popote: wa bathdei halipi. Kwa hivyo mnagawanya kwa tisa, si kumi. Kila mtu, Sh5,133.

Rudi sasa kwa yule msee aliyekaa kwenye kona ya meza. Aliagiza supu ya Sh700 na maji ya Sh200 kwa sababu alikuwa amejipanga. Hakugusa mvinyo. Alichokula ni Sh900. Bili inasema "tugawe tu sawa, ndiyo isiwe noma", na anatoa zaidi ya mara tano ya alichokula. Ongeza teksi ya usiku ya kurudi Rongai au Umoja, maana saa sita za usiku si kila ruti ina matatu ya kuaminika. Ongeza zawadi. Ongeza ile nguo nyeupe ambayo hakuwa nayo.

Ili ujue uzito wa hiyo Sh5,133: nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza Novemba 2024 ilifikisha mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi takriban Sh16,100 kwa mwezi. Jioni moja inakula karibu theluthi ya pesa hiyo. Na kuna vijana wengi wanaoingia kwenye hiyo mikahawa wakiwa wamevaa vizuri kuliko mameneja, ilhali mapato yao hayako mbali na hapo.

Kuna mambo mengine ambayo menyu huyasema kwa maandishi madogo chini ya ukurasa wa mwisho. Kenya tuna VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Mikahawa mingi huwa imeshayajumlisha kwenye bei, lakini si vibaya kuhakikisha. Ada ya huduma nayo, kuna mahali ipo na mahali haipo, na ikiwepo ndiyo huchukua nafasi ya bakshishi, kwa hivyo kuacha bakshishi juu yake ni hiari yako. Mikahawa mingine ina kiwango cha chini ambacho meza kubwa lazima ifikishe. Haya yote yanaweza kujulikana kwa simu moja ya dakika tatu. Tatizo ni kwamba simu hiyo haipigwi.

Pesa inatoka wapi?

Inatoka kwa Fuliza. Tuseme tu ukweli.

Fuliza ilipozinduliwa Januari 2019, ilikuwa kama imebuniwa kwa ajili ya ile dakika mhudumu anaposimama kando yako na nambari ya till. Salio halitoshi, lakini malipo yanapita. Unatozwa asilimia 1 ya kuanzia, halafu ada ya kila siku kulingana na ukubwa wa deni. Kinachouma zaidi si hiyo ada. Ni kwamba pesa yoyote itakayoingia kwenye M-Pesa yako baadaye inakatwa deni kwanza. Mteja akikutumia malipo ya kazi, inakatwa. Mzazi akikutumia pesa umnunulie dawa ya presha hapo mjini, inakatwa. Mvinyo ambao hukuuonja unalipwa kwa pesa ya dawa ya mamako.

Wengine huenda kwa apu za mkopo. Zamani apu hizo zilikuwa zikikudai kwa kuwapigia simu bosi wako, shangazi yako na mtu uliyemuuzia simu 2017. Kanuni za Benki Kuu kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, za Machi 2022, zikapiga marufuku kutumia nambari zilizo kwenye simu yako kukuaibisha. Kwa hivyo aibu ya deni la apu imewekewa sheria. Aibu ya deni la meza bado tunajifanyia wenyewe, kwa hiari, tukiwa tumevaa nyeupe.

Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Hawakuwa wameona bili ya Westlands, lakini walikuwa wameshaelewa.

Anayeumia si mmoja

Ukidhani anayeumia ni yule aliyekula supu peke yake, hujakaa meza hizi za kutosha.

Nina beshte anayeuza mitumba. Jioni moja tulikuwa watu tisa mezani kumsherehekea rafiki yetu aliyetimiza miaka 27. Bili ikafika, Sh36,000. Ukimtoa mwenye siku yake, ni Sh4,500 kwa kila mmoja wetu wanane. Mhudumu akasema ni afadhali ilipwe mara moja kwa sababu ni bili moja. Beshte wangu ndiye aliyekuwa na pesa kwenye simu usiku huo, maana Jumatatu alikuwa anaenda Gikomba kufungua belo. Akalipa yote. Kila mtu akasema, "Sawa, nakutumia saa hii."

Wanne tulituma usiku huo huo. Mmoja akatuma Sh2,000 na kusema "hiyo ingine wiki ijayo". Wawili wakanyamaza. Ujumbe wa kukumbusha ukapata tiki mbili za buluu na hakuna jibu. Jumatatu, beshte wangu akasimama Gikomba alfajiri akiwa amepungukiwa na Sh11,500, akitazama wenzake wakifungua belo alilolitaka.

Alikosa mzigo wa wiki hiyo, lakini pia alikosa marafiki wawili. Hawakumwibia, na sidhani walikuwa na nia mbaya. Nadhani walikuja wakitarajia bili ya Sh2,000, wakakuta Sh4,500, na aibu ikawafanya wajifiche. Mtu akishajificha kwa sababu ya pesa, kila siku inayopita inafanya kujitokeza kuwe kugumu zaidi. Mwenye bathdei mpaka leo anadhani grupu lilikufa kwa sababu watu wako bize.

Yuko pia yule ambaye hakuja kabisa. Alisema ana homa. Mara ya pili akasema ana kazi. Mara ya tatu hakualikwa, kwa sababu "huyo huwa haji". Hivyo ndivyo urafiki wa miaka kumi, ulioanzia kwenye dawati moja la shule ya msingi, unavyoisha bila ugomvi na bila mtu kusema neno.

Na yuko mhudumu. Uliza mhudumu yeyote kuhusu meza ya watu 12 inayotaka kulipa kwa simu 12 tofauti, wawili wakiwa wameshaondoka na mmoja akisema mtandao umekataa. Anasimama hapo akitabasamu saa tano za usiku na moyoni anaomba hesabu itimie, kwa sababu ikipungua, yeye ndiye ataulizwa kwanza.

Kwani hatujui kuchanga?

Kinachonishangaza ni kwamba hii ni nchi inayojua kuchanga kuliko karibu kitu kingine chochote. Harambee tumekua nayo. Kukiwa na matanga, grupu la WhatsApp linafunguliwa kabla ya jioni, mweka hazina anateuliwa, na orodha inapitishwa: jina lako, kiasi, umelipa au umeahidi. Kila mtu ananakili, anaongeza jina lake, anarudisha. Kukiwa na harusi kuna kamati, bajeti na mikutano ya kila Jumapili. Chama cha wanawake wa mtaani kinakuambia wazi: Sh500 kila wiki, ukichelewa faini ni Sh50. Hakuna anayekasirika kuambiwa kiasi. Mtu akiwa hana, anasema "mimi nitaweka 200", inaandikwa 200, maisha yanaendelea.

Lakini ikifika bathdei ya mkahawa, watu wale wale, kwa simu zile zile, tunajifanya kuzungumza pesa ni ushamba. Kwa nini? Kwa sababu mkahawa wa kifahari tumeuchukua kuwa jukwaa la kuonyesha kwamba tumeomoka, na aliyeomoka haulizi bei. Ukweli ni kinyume. Waliozoea pesa ndio huuliza bei ya kila kitu. Ona harusi za wenye nacho: kila sahani imehesabiwa, kila kiti kina jina. Mali bila daftari huisha bila habari, na hao daftari wanayo.

Tazama pia Carnivore, ule mkahawa wa nyama wa Lang'ata uliofunguliwa 1980. Wengi huuongelea kwa ajili ya nyama inayozungushwa mezani kwa mapanga ya Kimasai na kibendera kile mnachokishusha mkishasalimu amri. Mimi ninachokipenda ni kwamba nyama hiyo huuzwa kwa bei moja kwa kichwa. Kabla hujavuta kiti unajua chakula chako ni pesa ngapi, na cha kuchunga ni vinywaji tu. Hakuna mtu aliyewahi kusema Carnivore si mahali pa heshima kwa sababu bei inajulikana mapema.

"Si ungeuliza tu?"

Kuna majibu matatu ninayoyasikia kila nikilizungumzia jambo hili.

La kwanza: "Si lazima uje." Ni kweli, si lazima. Lakini ukisema hivyo kwa rafiki, umebadilisha maana ya bathdei. Kwa desturi zetu, za bara na za pwani, anayealika ndiye anayelisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukitaka wageni walipe, sawa, mambo yamebadilika na mifuko yetu ni midogo. Basi kiite kwa jina lake. Sema "tuchange tukale pamoja", na hakuna atakayekulaumu.

La pili: "Si ungeuliza bei tu?" Anayeweza kuuliza aulize, na nitasema hivyo hapa chini. Lakini mzigo huo haukuanza na mgeni. Aliyechagua mahali ndiye aliyeona menyu. Kwake yeye, kutaja bei ni mstari mmoja kwenye bango. Kwa mgeni, kuuliza mbele ya grupu ni kujivua nguo. Mambo haya mawili hayalingani, na rafiki mwema hubeba lile jepesi ili mwenzake asibebe lile zito.

La tatu ndilo lenye uzito: "Ukitaja bei, utawafukuza wasio na pesa." Nimelifikiria sana hili. Ndiyo, mtu akiona Sh4,000 anaweza kusema hatakuja. Lakini sasa atasema mapema, na ukiwa unampenda utapata nafasi ya kufanya kitu: kubadilisha mahali, kumlipia kimyakimya, au kumwambia aje baadaye kwa keki. Bei iliyofichwa haimleti asiye na pesa. Inamleta akiwa na deni, au inamfanya aseme ana homa. Afadhali aliyekataa Jumatatu kuliko aliyezima simu Jumapili.

Basi tufanye nini?

Kwa mwenye bathdei: piga ile simu ya dakika tatu. Uliza kama kuna ada ya huduma, ada ya keki, na kiwango cha chini cha meza. Uliza kama wana menyu ya pamoja ya bei moja kwa vikundi, maana mikahawa mingi hukubali kupanga hivyo ukiwapa taarifa mapema. Halafu andika kwenye bango, chini ya rangi ya nguo: "Bajeti ni kati ya Sh2,500 na Sh3,500, vinywaji kila mtu ajilipie." Sema pia kama unajilipia au unalipiwa. Ukipenda kulipiwa, usiwe wewe unayeagiza kamba wakubwa na kokteli ya tatu.

Teua mweka hazina, na pesa zikusanywe kabla ya siku yenyewe. Aliyelipa mapema hula kwa amani. Na kama marafiki zako mifuko yao hailingani, gawanya sherehe mara mbili. Wanaoweza, mkahawani saa moja jioni. Wote, kwa keja yako saa nne, keki, muziki na ndoo ya maji kwa usalama wa mila zetu. Utashangaa ni sehemu gani ya usiku watu wataikumbuka.

Kwa mwalikwa: sema mapema. "Beshte, hiyo sitaweza, lakini nitakuja kukuona Jumapili" ni sentensi ambayo haijawahi kuua mtu. Ukienda, agiza ulichojipangia na mwambie mhudumu mwanzoni, kabla ya chakula, kwamba bili yako ni kando. Mwanzoni hilo ni jambo la kawaida, mwishoni ni kesi. Ukiagiza mvinyo wa meza, hakikisha meza inautaka, la sivyo ni mvinyo wako. Na ukilipiwa, tuma pesa kabla hujaingia kwenye gari. Ukiwa huna yote, sema huna yote, na useme lini. Kunyamaza ndiko kunakogeuza Sh4,500 kuwa mwisho wa urafiki.

Kwa wenye mikahawa: mnajua meza za bathdei ndizo zinazojaza Ijumaa na Jumamosi zenu. Basi mrahisishe. Mkipigiwa simu kushika meza, tajeni ada zote bila kungoja kuulizwa. Wapeni wahudumu mfumo wa kugawa bili kwa viti, wasiwe wanahesabu kwa kalkuleta ya simu na jasho likiwatoka. Mteja aliyetoka bila kushtuka kwa bili hurudi. Aliyeshtuka huweka picha Instagram na harudi tena.

Bathdei ni siku ya kuhesabu miaka uliyoishi na watu uliobaki nao. Ukifika 30, utakuwa umeshapoteza wengine kwa safari, kwa ndoa, kwa kifo. Hao huwezi kuwarudisha. Usiongeze juu yao wale waliopotea kwa sababu uliona haya kuandika nambari nne kwenye bango.

Andika bei. Atakayekuja, atakuja na njaa na kicheko. Asiyeweza, muulize Jumapili yuko wapi, umpelekee kipande cha keki.